Tunakaa Esansi

Mtaa wetu hapa Bukavu unaitwa Esansi.
Nasema mapema ili mcheke mara moja tu:
katika mtaa wa Esansi, uani kwangu,
mume wangu Cirhuza alitoa injini ya esansi
akatia ya mazutu.

Sababu ni Ngomo.
Anayeijua njia ile hahitaji maelezo.
Magunia ishirini ya mchele wa Luvungi mgongoni
na injini kuukuu ikinywa kama mgeni wa matanga,
kila kona bidoni, kila bidoni deni,
mpaka asubuhi ile ilipokohoa mara mbili, ikanyamaza,
gurudumu la nyuma likiwa hatua tatu
kutoka pale barabara inapokwisha na hewa inapoanza.
Nilishuka, nikaweka jiwe. Nikaweka la pili.
Nikasema: Baba Namwezi,
jiwe la tatu mimi silibebi.

Pesa ilikuwa ya likelemba, zamu yangu.
Injini ilitoka katika basi dogo lililokula ukuta kule Nyawera.
Mvua ilikuwa imekula kichochoro chetu,
gari lenyewe limenaswa huku chini tangu Machi,
basi wanaume wanane wakaishusha kwa mabega,
imefungwa kwenye mti kama mgonjwa katika kipoyi,
na Mama Nshokano akatoka, mikono kichwani, akauliza:
Nani?

Mikaratusi mitatu, vichwa vimefungwa pamoja.
Palani ya kuazima kwa paroko,
ile iliyopandisha kengele.
Ya zamani ikatoka ikining'inia, ikidondosha mafuta
juu ya bizari niliyoianika.
Mpya ikashuka polepole, ikakaa.
Haikukaa.
Kulia imezidi vidole vitatu,
chini tumbo lake linagusa ekseli.
Fundi Mushamuka akapima kwa shubiri, akakata.
Akapima tena, akajitukana kwa Mashi,
akataka kuchomelea, umeme ukaondoka.
Ukarudi saa nane usiku, tukaamka sote.
Mimi nilishika chuma kwa koleo,
macho nimefumba, cheche zikinitoboa kitenge.

Iko wapi plagi? nikauliza.
Hii haina plagi za cheche, akasema,
hii inawaka kwa kubanwa.
Nikamjibu: hata mimi.

Siku ya tisa ikawaka.
Moshi mweusi, kisha wa buluu, kisha
mlio kama mawe yanayotwangwa na mtu mwenye hasira.
Watoto wakapiga vigelegele. Mushamuka akavua kofia.
Cirhuza akazungusha ufunguo, azime.
Ikaendelea.
Akauchomoa. Ikaendelea.
Akasimama katikati ya ua, ufunguo juu,
kama anayeuonyesha mbingu,
na injini haikuwa na habari naye.
Ni Mushamuka aliyenyakua kibao changu cha kukatia lengalenga
akaliziba tundu la hewa.
Ikatetemeka. Ikapiga chafya. Ikafa.

Miaka kumi na tisa ufunguo ule ulilala shingoni mwake
pamoja na msalaba.
Sasa kazi yake ni kuwasha tu.
Kuzima ni kwa waya wa breki ya baiskeli,
unauvuta, hewa inarudi kimya,
na waya huo, kwa kuwa upande wake palikosa nafasi ya kutoboa,
uko upande wangu.

Pua ya gari imeinama kwa uzito,
kama mtu anayetafuta sindano.
Lakini lilipanda kichochoro kile, matope hadi kwenye vitasa,
bila jiwe.

Ya zamani waliigawa kama ng'ombe.
Chuma kilienda kwa kilo.
Pistoni na kabureta nilizibeba mwenyewe hadi Kadutu,
kwa vijana wanaoyeyusha alumini mchangani,
nikangoja mpaka jioni, nikarudi na sufuria.
Haijanyooka. Ukiigonga inalia chini kwa chini.
Jana niliinjika maharage.
Yalichelewa kuiva kana kwamba yanapanda Ngomo.

Yana harufu, akasema Cirhuza.
Harufu ya nini?
Alitafuna, akatazama ukutani.
Akaongeza sahani ya pili.